Ni Nini Kiulindacho Mji?

Tangu zamani wanadamu wamejenga kuta kwa sababu ya hofu, wala hofu ya namna hiyo si dhambi. Baba afungaye mlango wa nyumba yake usiku hatendi kosa, bali atimiza wajibu wake. Lakini yatupasa kujiuliza: mtu akiisha kujenga ukuta na kufunga lango, je, amekwisha kuwalinda waliomo ndani? Swali hilo lilitujia tulipouzuru mji wa Lucca, katika nchi ya Toscana, Italia.

Mji wa kale wa Lucca umezungukwa na ukuta mzima, wenye urefu wa kilometa 4 na zaidi. Kimo chake ni meta 12 hivi, na unene wake chini ni kama meta 30. Watu wa Lucca walianza kuujenga katika karne ya 16, wakaumaliza katikati ya karne ya 17. Aliyeweka jiwe la kwanza hakuliona la mwisho. Siku hizi juu yake pana njia yenye miti mirefu. Wazee huenda polepole kivulini, na vijana hupita na baisikeli mahali palipowekwa mizinga.

Ajabu ni kwamba ukuta huo haukupata kuzingirwa na jeshi lolote. Mwaka 1799 Wafaransa waliingia Lucca, na jamhuri yake ya kale ikaanguka pasipo kuzingirwa. Mawe yakabaki yamesimama, uhuru ukaondoka. Je, basi, jasho lile lote lilimwagika bure? La. Mwaka 1812 mto Serchio ulifurika. Malango yakafungwa, na ukuta ukauokoa mji na maji. Ukuta una kazi yake. Twauliza tu kama kazi hiyo yatosha.

Jibu tulilipata ndani ya mji, katika kanisa la San Frediano, mahali ulipowekwa mwili wa Mtakatifu Zita. Huyu aliishi katika karne ya 13, kabla ya ukuta huu kujengwa. Alikuwa mtoto wa watu maskini wa shamba, naye alipata umri wa miaka 12 hivi alipoingia mjini kuwa mtumishi katika nyumba ya Fatinelli, watu wenye mali. Yasimuliwa kwamba miaka ya kwanza alidharauliwa na kupigwa, na watumishi wenzake wakamwonea kijicho. Alitumika katika nyumba hiyo hata alipofariki. Mwaka 1696 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu, naye ndiye msimamizi wa watumishi wa nyumbani.

Tafakarini, wasomaji wapenzi. Ni ukuta gani ungaliweza kumkinga mtoto yule? Waliompiga hawakuwa nje ya lango. Walikaa naye chini ya dari moja. Kwake yeye, unene wa ukuta haukuwa kitu.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Wengi wetu tumejenga ua, tukapanda vipande vya chupa juu yake, tukaweka na mlinzi. Vema. Lakini yuko wapi binti yule aliyetoka kijijini kutulelea watoto? Hula saa ngapi, naye hula nini? Ujira wake hutolewa mwezi ukiisha, au huahirishwa kila mara? Jumapili hupewa nafasi ya kwenda kusali, au huachwa jikoni? Wako wasemao, “Tumemtoa katika umaskini, na atushukuru.” Hao wamesahau kwamba shukrani ya mnyonge haifuti deni la mwenye nguvu. Haki yake ni haki, wala si sadaka.

Tusidhani kwamba watoto wetu hawaoni. Mtoto amsikiaye mama yake akimtukana mtumishi hujifunza kwamba wako watu wasiostahili heshima; na fundisho hilo halizuiwi na kufuli yoyote.

Basi tufunge milango yetu usiku, kama ilivyo desturi ya watu wenye busara. Lakini kabla ya kuifunga, tumtazame aliye mdogo kuliko wote humo ndani. Akiwa na amani yeye, nyumba ina ulinzi. Akilia yeye gizani, adui amekwisha kuingia, na sisi wenyewe ndio tuliomfungulia.