Je, Asiyejibu Amejibu?

Wasomaji wetu wengi wanaye mtoto au ndugu akaaye Dar es Salaam, kama si Mwananyamala basi Tandale, kama si Tandika basi Mbagala, naye amekwisha maliza masomo ya juu na sasa yu katika kungoja. Hatusemi juu ya kungoja kazi tu, maana hilo ni la watu wote. Twasema juu ya yule aliyekwisha itwa, akaingia chumbani mbele ya wakubwa watatu au watano, akaulizwa maswali, akayajibu, akaambiwa, "Asante, tutakujulisha," akatoka nje. Tangu siku ile hakusikia neno. Basi twataka kufikiri pamoja nanyi: kimya kile ni jawabu, au si jawabu? Na kama si jawabu, deni hilo ni la nani?

Tutwae mfano wa wale watafutao kazi ya kufundisha katika vyuo vikuu. Upande wa Temeke, pale Chang'ombe, kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichoanzishwa mwaka 2005. Upande wa Kinondoni yapo makao makuu ya Chuo Kikuu Huria, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992. Vyuo vya makanisa na vya watu binafsi navyo havikosekani. Kijana atakaye kuwa mhadhiri msaidizi hakuwa mwanafunzi wa mwisho darasani. Katika vyuo vya serikali hutakiwa awe na wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada yake ya kwanza. Huyu ni mtu aliyezoea kujibiwa. Tangu darasa la kwanza, kila alipofanya mtihani alipata kuyajua matokeo yake, na mara nyingi alipokosa alionyeshwa mahali alipokosa. Sasa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amefanya mtihani ambao matokeo yake hayatoki.

Twamjua mmoja akaaye Mbagala. Jina lake tutaliacha, na jina la chuo kilichomwita tutaliacha pia. Aliulizwa maswali mwezi wa tano, akafundisha somo la mfano kwa dakika ishirini mbele ya wakubwa, nao wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Tangu hapo hazimi simu yake hata ibadani. Huinyamazisha tu, akaiweka pajani. Umeme ukikatika hukimbia kwa mwenye duka aliye na betri ya jua. Namba ngeni ikipiga, moyo humwenda mbio, kumbe ni tapeli amwambiaye ile fedha aitume kwa namba hii. Mwezi wa sita mama yake alimwita Rufiji wavune mpunga. Hakwenda, kwa kuhofu ataitwa usaili wa pili naye yu mbali. Mwezi wa saba shule moja ya sekondari ilimtaka afundishe kwa muda. Akawaomba wangoje kidogo, nao hawakungoja, wakampata mwingine.

Hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Kukataliwa kungalimnyima kazi moja. Kimya kimemnyima mbili, na mpunga wa mama yake ukavunwa na vibarua wa kulipwa.

Watu watasema, "Subira huvuta heri." Ni kweli, lakini wazee wale wale walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, wala hatudhani kwamba walilisahau neno la kwanza walipotamka la pili. Aliyepanda mahindi husubiri, naye aijua miezi ya masika. Mwanamke mwenye mimba husubiri, naye huhesabu. Subira ina kipimo chake. Hata mchungaji amwambiapo kijana amngoje Bwana, yafaa akumbuke tofauti iliyopo: amwombaye Mungu huamini kwamba anasikiwa, lakini aliyeomba kazi hajui kama karatasi zake zingali mezani au zimekwisha fungia maandazi.

Tuje sasa kwenye kimya chenyewe. Hatusemi kwamba kimya hakiwezi kamwe kuwa jawabu. Katika pwani yetu mtu akifika kwenye nyumba ya watu hupiga hodi. Asipoitikiwa hupiga mara ya pili, na mara ya tatu, kisha huenda zake. Haoni uchungu, wala hawasingizii wenye nyumba kwamba wamemdharau. Kimya chao kimekwisha mjibu: ama hawapo, ama hawana nafasi ya mgeni saa hiyo. Lakini kwa nini kimya hicho kinamtosha? Ni kwa sababu aliye ndani na aliye nje wote wawili waijua hesabu, nayo ni tatu. Kama isingalikuwako hesabu hiyo, mtu mwenye adabu angalisimama mlangoni mpaka jua litue, na mtu asiye na adabu angaliuvunja mlango. Hata posa ni vivyo hivyo, ijapokuwa ada zatofautiana kabila kwa kabila: barua ikiletwa, wazee wa binti hawajibu palepale, bali huweka siku, na wakikataa, kilicholetwa pamoja na barua hurudishwa, ili wenzao wapate kwenda kuuliza kwingine.

Kwa hiyo kimya hunena pale tu kilipowekewa mpaka unaojulikana. Mwajiri asemaye, "Msiposikia kwetu hata mwisho wa mwezi wa sita, jueni tumempata mwingine," huyo amejibu, hata asipoandika barua moja. Asemaye "tutakujulisha" kisha akanyamaza, hakusema ndiyo wala hapana. Amemshika mtu kwa ahadi, naye mwenyewe ameisahau.

Mwajiri atajitetea kwamba watu ni wengi. Neno hili lina nguvu. Mwezi wa sita mwaka 2014, katika Uwanja wa Taifa huko Temeke, ambao tangu mwaka 2020 waitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, walikusanyika vijana zaidi ya 10,000 kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Walikaa majukwaani kama watu waliokuja kutazama mpira. Tena walimu, ambao zamani walimaliza chuo wakapangiwa shule bila kuulizwa maswali mengine, mwanzoni mwa mwaka 2025 waliitwa kwenye usaili nchini kote: waombaji walizidi laki mbili, na nafasi hazikufika 15,000. Nani angeandika barua laki mbili?

Lakini tazameni. Sekretarieti ya Ajira, ambayo ndiyo yenye kubeba makundi hayo makubwa, hutoa orodha. Huyatangaza majina ya walioitwa, na asiyeliona jina lake huambiwa ajue kwamba hakuchaguliwa, na kwamba asisite kuomba tena. Waliofaulu na nafasi zikawa hazitoshi huwekwa katika kanzidata, maana yake daftari la akiba. Hatusemi kwamba mambo hayo hayana kasoro. Aliyemo katika kanzidata naye anangoja kwa namna yake, na twawajua waliochoka. Ila yaonekana kwamba wingi wa watu haumzuii mtu kujibu. Mara nyingi kinyamazacho kabisa ni chuo kidogo kilichokuwa na nafasi moja na kikawaita watu sita. Kuwaandikia watu sita ujumbe wa simu ni kazi inayokwisha kabla chai haijapoa.

Basi twadhani sababu ya kweli ni nyingine. Wakubwa wale wamemchagua wa kwanza, nao hawajui kama atakubali. Au kibali cha kuajiri hakijatoka. Au wangoja fedha za mwaka mpya wa serikali, ambao huanza mwezi wa saba. Kwa hiyo wa pili na wa tatu hawaambiwi neno, wakihifadhiwa kama mbegu ghalani. Marekani nako hutokea vivyo hivyo: wako walioulizwa mara ya kwanza ambao hufahamu kwamba wamekosa pale wasikiapo kuwa mtu mwingine amekwisha anza kazi. Lakini kuenea kwa desturi hakuifanyi kuwa haki. Mbegu haina njaa wala haina mama Rufiji. Mtu akiambiwa, "Wewe u wa pili, nasi tutajua kufika mwisho wa mwezi wa nane," aweza kuamua mwenyewe kama atangoja au atakwenda kufundisha sekondari. Asipoambiwa, wengine wameyaamua maisha yake bila yeye kujua, wala hawamlipi kitu kwa siku zile.

Na pana madhara mengine yanayotuhuzunisha zaidi. Mtu asipopewa sababu hujitafutia. Jirani atasema hakuwa na mtu wa kumshika mkono huko ndani. Mwingine atasema hakutoa kitu. Shangazi atasema amerogwa, tena atamtaja na aliyemroga. Pengine wakubwa wale walihukumu kwa haki kabisa, wakamchagua aliyekuwa bora. Lakini kwa kunyamaza wameitia haki yao katika shaka, na katika ukoo mmoja wa mbali wamepanda ugomvi wasioujua.

Sasa, angojaye afanye nini? Sisi twaona si utovu wa adabu kuuliza kabla ya kutoka chumbani: "Naomba kujua, nisiposikia kwenu mpaka siku gani, nijue mmempata mwingine?" Wako wazee wasemao kwamba kuuliza hivi ni kama kudai. Hatukubaliani nao. Mgeni aulizaye mwenye nyumba yupo au hayupo hadai chakula. Na kama hakupewa siku, ajiwekee hodi zake mwenyewe: aandike baada ya majuma manne, aandike tena baada ya mawili, na mara ya tatu, kisha aende zake, afundishe, alime, auze duka. Wakimwita baadaye watamkuta yu hai. Ugumu upo, maana ile hodi ya tatu mtu huipiga akijua kwamba akiondoka mlangoni hana tena la kuwaambia watu wa kwao.

Na ninyi mlio nyumbani, mliouza korosho na ng'ombe ili asome, haki ya kuuliza mnayo; hatuwanyang'anyi. Ila litazameni lile neno "bado". Kila Jumapili mwapiga simu, "Vipi, bado?" naye ajibu, "Bado, baba." Neno hili katika lugha yetu lina huruma nyingi, kwa kuwa halifungi mlango; lakini kwa huruma hiyo hiyo mtu aweza kulala ndani yake miaka miwili. Afadhali kumwuliza leo amefanya nini, kuliko kumwuliza wameamua nini, jambo asilolijua.

Wala wasitazamwe wakubwa wa mjini peke yao. Kijijini kamati ya kujenga zahanati huwaita mafundi watatu waje wapime na kutaja bei. Mmoja hupewa kazi. Wawili wale hurudi makwao, wakakataa kazi ndogo za watu juma hilo na juma la pili, kwa kuwa mwenyekiti aliwaambia, "Tutawajulisheni." Siku ya gulio mwenyekiti hukutana nao, akawaamkia kwa uzuri, akawauliza habari za watoto na za shamba, na habari za zahanati asizitaje.