Je, Yafaa Kulipa ili Kutazama Majumba ya Waliopita?

Ndugu msomaji, kijana mmoja wa mtaani kwetu afanyaye kazi Uingereza alikuja likizo, na baada ya sala ya Isha akatuhadithia barazani safari yake ya Granada, mji wa Hispania ambao Waarabu waliuita Gharnata. Alikwenda kuiona Al-Hamra, kasri ya wafalme wa mwisho wa Kiislamu katika Andalusi. "Sikuona kitu," akasema, "ila visogo vya watu." Akatuhesabia gharama: ndege, hoteli, kiingilio cha karibu euro 20 kwa kila kichwa, na tiketi imeandikwa saa ya kuingia majumba ya ndani, ukichelewa basi umekosa. Watu wakacheka. Mzee mmoja hakucheka, akauliza: "Na fedha hizo, si ungaliwapa mayatima?"

Swali la mzee lina haki yake. Israfu ni haramu, na mwenye deni, au mwenye mzazi asiyepata dawa, hana udhuru wa kwenda kutazama kuta za watu. Tena msongamano ule si wa siku moja, kwani wanaoizuru Al-Hamra hupita milioni 2 kwa mwaka. Walakini tuseme haki pia: si kila kiingilio ni unyang'anyi. Kuta zile zina nakshi za plasta za karne ya 14, na sisi tuzijuao zidaka za nyumba za kale za Lamu twafahamu jinsi nakshi kama hizo zinavyotaka fundi na fedha ili zisimong'onyoke.

Mimi nilimuuliza kijana swali jingine: "Kutani mmeandikwa nini?" Akajibu kwamba hakutazama, alikuwa akipiga picha. Wala sikuwa na haki ya kumlaumu. Nimekaa Mombasa miaka mingi nikipita mbele ya ngome ya Fort Jesus, nisiingie hata siku moja, mpaka alipokuja mgeni kutoka bara akaniomba nimpeleke. Aliniuliza ni nani aliyeijenga na kwa nini, nikabaki kutazama dari.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha katika Qur'ani, si mahali pamoja, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Basi safari yenyewe si upuuzi. Lakini Mtume (S.A.W.) alipokuwa akienda Tabuk na jeshi lake, wakapita Hijr, penye majumba ya Thamud yaliyochongwa majabalini, aliwakataza Masahaba wasiingie ila wawe wenye kulia, wasije wakasibiwa na yaliyowasibu wale. Wa Granada hawakuwa Thamud. Walikuwa Waislamu kama sisi. Ila adabu yatufaa hata kwao: mahali palipoangukiwa na watu hapaingiwi kwa moyo wa kwenda sokoni.

Sasa tuzisome kuta. Maneno yanayorudiwa humo tena na tena ni kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Waliyaona kila siku wenye nyumba wenyewe. Na katika mwaka 1482 mwana, Abu Abdillah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alimnyang'anya ufalme baba yake, Abul-Hasan Ali. Kisha akapigana na ami yake, az-Zaghal. Huku wao wakigombana, majeshi ya Ferdinand na Isabella yalikuwa yakiteka mji baada ya mji. Tarehe 2 Januari 1492 Abu Abdillah akautoa mji wake kwa mkono wake.

Usidhani, ndugu msomaji, kuwa haya ni ya mbali. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1498, Wareno, jirani za Wahispania hao, walifika pwani yetu. Mombasa iliwatilia shaka, Malindi ikawapokea, kwani miji hii miwili ya Waislamu ilikuwa haipatani. Mwaka 1505 Mombasa ikatiwa moto na kutekwa nyara. Na kuanzia mwaka 1593 Wareno hao wakaijenga ile ngome niliyokuwa nikiipita bila kuitazama.

Nilipoyaeleza haya kijana alinyamaza, na baraza nzima ikanyamaza naye. Sote twajua kuwa yeye na ami yake hawasemezani, huu ni mwaka wa nne, kwa sababu ya nyumba ya babu. Alisafiri masafa yote yale, akalipa, akasukumana na watu, akaingia ndani ya nyumba iliyopotezwa na ugomvi wa mtu na ami yake, akatoka na picha.

Basi jawabu langu kwa mzee na kwa kijana ni moja. Kiingilio kikiwa ghali au rahisi, hasara kubwa ni ya anayetoka kama alivyoingia. Mwenye uwezo, asiyedaiwa na asiyemnyima mtu haki yake, na aende. Lakini asome kabla ya kwenda, na wanawe awaambie ni nani aliyekuwa na nyumba ile, na ilimtokaje. Na asiye na uwezo asisikitike. Gede ipo, Kilwa Kisiwani ipo, na magofu ya misikiti yametapakaa pwani nzima. Ibra iliyomo humo si pungufu ya ile ya Al-Hamra, na visogo vya watu ni vichache. Hata nyumba ya babu yenye kesi yatosha kuwa ibra, kwa mwenye kuona.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho yenye kuzingatia, na aunganishe nyoyo za jamaa waliohasimiana kabla nyumba zao hazijawa za kutazamwa na wageni. Amin.