Wema Hauozi: Maiti za Misri na Matanga Yetu



Mtu akifa, roho yake yaenda mahali tusipoweza kuifuata, lakini mwili wabaki hapa mbele yetu, nao hauwezi kungoja sana. Tuufanyeje? Mataifa yote ya dunia yamejiuliza swali hilo. Wengine huuzika mwili siku ile ile, wengine huuchoma moto, na wengine zamani waliukausha ili usioze kamwe. Leo tuwatazame hao wa mwisho, yaani Wamisri wa kale. Tusiwatazame kwa kustaajabu tu, kwa maana swali lao ni swali letu pia hapa Kisangani: heshima ya marehemu iko wapi? Je, iko katika kuuzuia mwili wake usiharibike, au iko katika jambo jingine?

JINSI WAMISRI WALIVYOFANYA

Nchi ya Misri ni jangwa, ila ukanda mwembamba kandokando ya mto Nili. Mvua ni haba sana. Hapo mwanzo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, watu walizikwa katika mchanga mtupu. Mchanga ule mkavu wenye joto uliyanyonya maji ya mwili upesi, na mwili usio na maji hauozi, maana vijidudu vinavyoozesha nyama haviwezi kufanya kazi pasipo maji. Hivyo hata maskini asiye na sanduku alibaki na ngozi yake na nywele zake. Baadaye wakubwa walianza kulazwa katika masanduku na makaburi ya mawe, mbali na mchanga, na miili yao ikaoza. Wataalamu wengi wadhani kwamba jambo hilo ndilo lililowahimiza Wamisri kutafuta ufundi wa kufanya kwa mkono kazi iliyokuwa ikifanywa na mchanga.

Mgriki Herodotus, aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristu, ameueleza ufundi huo. Kwanza mafundi waliutoa ubongo kwa kulabu ya chuma kupitia puani. Kisha walipasua ubavu kwa jiwe kali, wakatoa matumbo, wakaosha ndani kwa pombe ya mitende, wakajaza manemane na manukato mengine. Halafu waliufunika mwili kwa magadi. Wasomaji wengi wayajua magadi, yale ambayo akina mama wa nchi za mashariki huyatia katika maharage yapate kuiva upesi. Wamisri waliyachimba katika bonde liitwalo Wadi Natrun, nayo yalinyonya maji yote ya mwili. Kazi nzima, pamoja na kuuzungushia mwili vitambaa vya kitani vilivyopakwa utomvu, ilichukua siku 70. Mapafu, ini, tumbo na utumbo viliwekwa mara nyingi katika mitungi minne. Ubongo ulitupwa, kwa kuwa hawakujua kazi yake. Moyo uliachwa mahali pake.

Tena Herodotus asema kwamba kulikuwa na namna tatu za kazi hiyo, kila moja kwa bei yake. Tajiri alipata yote niliyoyataja. Mtu wa kati alitiwa mafuta ya mwerezi tumboni, akawekwa katika magadi. Maskini alisafishwa tumbo tu, akalazwa katika magadi siku zake, akarudishiwa ndugu zake. Hata katika mauti palikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu.

Mwandishi mwingine wa kale, Diodorus, aongeza habari ya kufikirisha. Yule fundi aliyepasua ubavu wa maiti, mara alipomaliza, ilimpasa kukimbia, na waliokuwapo walimfukuza kwa mawe na laana, kwa sababu amemjeruhi mtu wa kabila lake. Wamisri wenyewe ndio waliomwajiri, na wenyewe ndio waliompiga mawe. Ndani ya moyo wao walitambua kwamba mwili wa mtu si kitu cha kuchezewa, hata kwa nia njema.

MOYO KATIKA MIZANI

Mbona moyo haukutolewa? Wamisri waliamini kwamba marehemu huenda mahali pa hukumu, na huko moyo wake huwekwa katika mizani, na upande wa pili huwekwa unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki. Moyo mzito kwa maovu huliwa na mnyama wa kutisha, na mwenyewe hupotea kabisa.

Hapo twaona kwamba watu hao walijua jambo kubwa: mwisho wa yote, mtu hupimwa kwa haki aliyoitenda. Lakini tazameni walivyofanya baadaye. Walitengeneza kijiwe chenye umbo la mende, wakachora juu yake maneno ya kuusihi moyo usimshitaki mwenyewe mbele ya hakimu, wakakiweka kifuani mwa maiti. Aliyekuwa na mali aliweza kununua kijiwe cha kumfunga shahidi mdomo! Basi, ufundi ulioanza kwa kumheshimu mtu uliishia kutafuta njia ya kuikwepa haki.

FAIDA YAKE ILIKUWA NINI?

Wafalme wa Misri walifichwa katika makaburi ya fahari, na dhahabu nyingi pamoja nao. Dhahabu ile ndiyo iliyowaponza. Wezi walivunja karibu makaburi yote, wakapasua vitambaa wakitafuta vito. Makuhani walilazimika kuikusanya miili ya wafalme na kuificha pangoni, nayo ikafunuliwa kwa wataalamu mwaka 1881. Tarehe 3 Aprili 2021, maiti 22 za wafalme na malkia zilipitishwa kwa gwaride katika barabara za Cairo, kutoka jumba moja la makumbusho hadi jingine. Walitaka kulala salama milele; leo watu hulipa kiingilio wapate kuwatazama.

Wengine walipatwa na mambo mabaya zaidi. Kwa karne nyingi wauza dawa wa Ulaya walisaga maiti za Misri, wakauza unga wake kuwa dawa ya kunywa. Neno “mumia” lenyewe latokana na lugha ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni lami iliyotumiwa kuwa dawa. Katika Kiswahili cha pwani neno hilo limekuwa “mumiani”, dawa nyeusi ya kutibu mifupa iliyovunjika, na baadaye watu wakaogopeshana kwamba mumiani hutengenezwa kwa damu ya watu waliouawa usiku. Mwili uliokaushwa ili udumu milele ukaishia katika chupa ya dukani na katika hadithi za kuwatisha watoto.

MAANDIKO NA WATAKATIFU WASEMAJE?

Mtu asidhani kwamba kazi ile yenyewe ilikuwa dhambi. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Yakobo alipofariki Misri, mwanawe Yosefu aliwaamuru waganga waupake dawa mwili wake, kazi ya siku 40, na Wamisri wakamlilia siku 70. Yosefu naye alipakwa dawa akawekwa katika sanduku. Lakini yeye hakuomba jengo la fahari. Aliwaapisha ndugu zake wachukue mifupa yake siku watakapotoka, na Musa aliichukua. Alitaka kulala pamoja na watu wake.

Baada ya miaka mingi Misri ikapata Wakristu, na hata wao waliendelea na desturi ya kuzifunga maiti za watu wema kwa kitani na kuziweka nyumbani bila kuzizika. Mtakatifu Antoni, baba wa wamonaki, hakupendezwa nayo. Alipokaribia kufa, mwaka 356, aliwaagiza wanafunzi wake wawili wauzike mwili wake ardhini kwa siri, mtu mwingine asipajue mahali. Sababu yake ilikuwa wazi: mababu na manabii walizikwa kaburini, na Bwana wetu mwenyewe alilazwa kaburini. Tena aliamini kwamba atakayemfufua hahitaji msaada wa magadi. Kanisa halikuyaacha mawazo hayo. Hata lilipoacha mwaka 1963 kukataza kuchoma maiti, liliendelea kusifu desturi ya kuzika, na halikufundisha kamwe kwamba ufufuko wategemea hali ya mifupa.

MAITI ILIYOBEBWA HADI BAGAMOYO

Nchi zetu nazo zina habari yake. Mwaka 1871 Mwingereza David Livingstone alifika Nyangwe kwenye mto Lualaba, mto huu huu unaoteremka hadi maporomoko ya Boyoma, ambako Wagenya hutega migono yao. Alidhani kwamba Lualaba huenda ni mwanzo wa mto Nili, mto wa Mafarao. Hakuishi kuujua ukweli. Alifariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo.

Watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao hawakumwacha. Waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti. Waliupaka mwili chumvi, wakauanika juani majuma mawili, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakaubeba kwa miguu karibu miezi tisa. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokewa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Tarehe 18 Aprili mwaka ule ukazikwa London.

Watu hawa walifanya karibu kama Wamisri, lakini nia yao ilikuwa nyingine. Chumvi na jua havikuwa vya kumpa bwana wao maisha ya milele. Vilikuwa vya kumfikisha kwa ndugu zake, basi. Kazi ilipokwisha, mwili ulizikwa. Hapo twapata kanuni nzuri: kuuhifadhi mwili kwafaa kukiwa na sababu ya upendo, na kukiwa na mwisho.

JINO MOJA

Sasa tuje kwetu. Patrice Lumumba, aliyefanya kazi ya posta katika mji huu ulipoitwa Stanleyville, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Waliohusika hawakutosheka na kuua. Miili ilifukuliwa, ikakatwa, ikayeyushwa katika asidi, ili pasiwepo kaburi. Afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, alijiwekea jino. Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ililirudisha kwa jamaa yake. Sanduku lililolibeba lilipitishwa hapa Kisangani, na umati ukatoka kulipokea. Tarehe 30 Juni liliwekwa kaburini Kinshasa.

Yafikirieni haya. Farao alibakiwa na mwili mzima, na watu humtazama kama kitu cha ajabu. Hapa lilibaki jino moja tu, na watu walilia. Wauaji wenyewe, kwa kuogopa kaburi, walishuhudia kwamba mwili wa mtu una heshima isiyokufa pamoja naye. Lakini jino lililorudi lilikuwa la Lumumba. Je, Mpolo na Okito hawana heshima kwa kuwa hawakubakiwa na kitu? Na wale wa mji wetu waliouawa katika vita vya siku sita, mwezi wa Juni 2000, ambao jamaa zao hawakuwazika kama desturi inavyotaka, wamepungukiwa utu? Hapana. Kama heshima ingekuwa katika mwili uliotunzwa, mwuaji mwenye asidi angeweza kuiyeyusha. Heshima hiyo Mungu amempa mtu alipomwumba, na kwa hiyo hakuna awezaye kuiondoa. Kazi yetu ni kuikiri.

MATANGA YETU

Mtu atasema: “Ikiwa mwili si kitu cha lazima, basi tuutupe tu.” Sivyo. Mikono ile ilitulisha na kinywa kile kilituita kwa jina. Anayeudharau mwili wa marehemu amdharau mtu mwenyewe.

Mwingine atasema: “Basi tusibanie fedha, tumzike kwa fahari.” Hapo ndipo penye hatari kwetu. Twaona maiti ikikaa siku nyingi katika chumba cha baridi, si kwa kumngojea mtoto aliye mbali, bali kwa kungojea fedha za sanduku la kung’aa, muziki na chakula cha wageni. Kila siku ina malipo yake. Mwishowe jamaa wanakopa, watoto wanafukuzwa shuleni kwa ajili ya karo, na mjane, matanga yasijaisha bado, anaulizwa funguo za nyumba. Jambo la uchungu zaidi ni kwamba mara nyingine mtu huyo huyo alipokuwa mgonjwa aliomba fedha kidogo za dawa, na ndugu zake wote wakasema hawana. Alipokufa zikapatikana. Fahari ya namna hiyo yafanana na kile kijiwe cha Wamisri kifuani. Twamvika marehemu vizuri ili mioyo yetu isitushitaki.

Basi, wapenzi wasomaji, tufanye hivi. Mgonjwa asaidiwe angali hai. Akifa, mwili wake uoshwe, uvikwe safi, uzikwe kwa sala bila kukawizwa pasipo sababu ya kweli, na kwa gharama zisizowaumiza walio hai. Kaburi lake lipaliliwe. Deni lake lilipwe. Mjane wake aachwe nyumbani mwake, na watoto wake wasome. Wazee wetu walisema, wema hauozi. Katika nchi yetu ya mvua nyingi na udongo mbichi hatuwezi kuuzuia mwili usirudi mavumbini, wala hatuna haja. Lakini kumtendea haki marehemu katika watoto wake twaweza, hata aliye maskini kuliko wote.