Je, "Watu Watasema" Ni Udhuru?

Liko neno moja fupi ambalo wasomaji wetu wamelisikia mara nyingi, na yamkini wamelitamka wenyewe, kama sisi tulivyolitamka: "Mimi sina neno naye, ila watu watasema." Mtu akiisha kulinena hujiona ametoka katika shauri bila doa. Hakumchukia mwenzake, hakumtukana, wala hakumnyang'anya kitu. Amechelea tu maneno ya watu wengine, ambao mara nyingi hawakuwapo barazani wala hawakuulizwa. Je, mtu huyu ana hatia? Na kama hana, hatia ni ya nani, maana mwenzake amekwisha kudhulumiwa?

Swali hili ni zito kulitazama kwa karibu, kwa kuwa kila mmoja wetu hutaka kujitetea. Basi na tulitazame kwa mbali, katika nchi ya Marekani, na katika jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, yaani muziki wa bendi kubwa na vipindi vya furaha vya televisheni ilipokuwa ingali changa. Kule lilionekana waziwazi jinsi neno hilo linavyopita kinywa kwa kinywa hata likamfunga mtu, wala asionekane aliyemfunga.

Tangu miaka ya 1930 Wamarekani walipenda mno bendi kubwa za dansi. Bendi moja ilikuwa na wapigaji 15 au zaidi, wameketi safu kwa safu, wenye saksafoni mbele, wenye tromboni na tarumbeta nyuma yao, na kando ngoma, piano, gita na fidla kubwa ya sauti nene. Majina ya Duke Ellington, Count Basie, Benny Goodman na Tommy Dorsey yalijulikana kila mji. Asili ya muziki ule ni kwa watu weusi, lakini kwa desturi ya nchi ile weusi walikuwa na bendi zao na weupe zao. Goodman, aliye mtu mweupe, alitaka kumketisha Teddy Wilson, mtu mweusi, apige piano pamoja naye mbele ya watu. Kwanza alisitasita, maana nani ajuaye watu watasema nini? Alipofanya hivyo huko Chicago mwaka 1936, fujo haikutokea. Watu walisikiliza muziki, wakafurahi. Twamwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, bendi kubwa zilianza kufifia. Kuwalipa na kuwasafirisha watu wengi namna ile kulikuwa ghali, na katika mwezi wa Desemba 1946 bendi kadhaa zenye sifa zilivunjika karibu kwa pamoja. Hapo ndipo televisheni ikaja. Mwaka 1950 zilikuwa nyumba kama 9 tu katika kila 100 zenye chombo hicho. Ilipofika 1960 zilikuwa zaidi ya 85. Katika mwezi wa Juni 1948 Milton Berle alianza kipindi chake katika shirika la NBC, na Ed Sullivan akaanza chake katika shirika la CBS. Vilikuwa vipindi vya mchanganyiko: mara mwimbaji, mara mchekeshaji, mara mtu wa sarakasi, mara mchezaji wa dansi, na karibu nao bendi, ikimpigia kila mmoja kwa namna yake. Hivyo wapigaji wengi waliopoteza kumbi za dansi walipata riziki tena. Ndugu wawili wa nyumba ya Dorsey, Tommy na Jimmy, walikuwa na kipindi chao tangu 1954 hata 1956, na Lawrence Welk, ambaye bendi yake ilipiga muziki laini uliowapendeza wazee, alionekana nchi nzima tangu mwaka 1955.

Sasa, ni nani aliyelipa gharama? Si mtazamaji. Yeye akiisha kununua chombo aliona bure. Aliyelipa ni kampuni yenye kuuza kitu, mafuta ya magari au sabuni au sigara, nayo ilipewa nafasi ya kusifu bidhaa zake. Hata jina la kipindi mara nyingi lilikuwa la kampuni, kama kile cha Berle kilichoitwa kwa jina la mafuta ya Texaco. Na kama ilivyo desturi ya dunia, mwenye kulipia karamu ndiye mwenye kusema nani akaribishwe.

Katika hali hiyo alitokea Nat King Cole. Alizaliwa mwaka 1919 huko Montgomery, katika jimbo la Alabama, akakulia Chicago. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, na mama yake, mpiga kinanda wa kanisa, ndiye aliyemfundisha. Alikuwa mpigaji hodari wa piano kabla watu hawajajua kwamba ana sauti; walipoijua, sauti ile ya upole ikasahaulisha vidole vyake, jambo ambalo wajuzi wa muziki wamelisikitikia hata leo. Mwaka 1946 yeye na wenzake wawili walipewa kipindi katika redio ya nchi nzima, na kampuni ya mafuta ya nywele iitwayo Wildroot ikakilipia hata mwaka 1948. Kwa hiyo sauti ya mtu mweusi iliingia nyumba za weupe kusini na kaskazini, nayo ilikaribishwa. Santuri zake zikanunuliwa kwa mamilioni.

Lakini mwaka uo huo wa 1948 aliponunua nyumba katika mtaa wa Hancock Park, mjini Los Angeles, majirani walikusanyika kumzuia. Yaelekea wengi wao walikuwa wamekwisha kusikia nyimbo zake. Sauti yake walikuwa radhi iingie kwao, ila yeye mwenyewe asikae karibu.

Tarehe 5 Novemba 1956 shirika la NBC lilimpa kipindi chake mwenyewe katika televisheni. Mwanzo kilikuwa cha dakika 15. Mwaka uliofuata kikawa cha nusu saa. Nelson Riddle aliongoza bendi, na nyimbo zilipangwa kwa uangalifu mkubwa. Hapana aliyesema kwamba kipindi kile hakifai. Hata hivyo hakupatikana mdhamini wa kudumu wa kukilipia nchi nzima. Kampuni moja ya vipodozi, kama Cole alivyoeleza baadaye, ilidhani mtu mweusi hawezi kuwauzia wanawake rangi ya midomo. Redio ilikuwa imeificha sura yake, televisheni iliionyesha.

Yafaa tuwe waadilifu. Shirika lenyewe halikumtupa, bali lilibeba gharama kwa zaidi ya mwaka mzima. Waimbaji wakubwa, weusi kwa weupe, Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee, Tony Bennett na wengine, walikuja kuimba naye kwa ujira wa chini kabisa ulioruhusiwa na chama chao. Na katika miji mingine wadhamini wa mahali walitokea. Huko New York aliyetoa fedha alikuwa mwenye bia ya Rheingold. Msomaji asiyependa pombe asituudhikie tukisema kwamba katika shauri hili mwuza bia alikuwa na moyo kuliko waheshimiwa wengi wenye kuuza sabuni.

Tazama sasa jinsi mzigo ulivyopita mikononi. Twaeleza kwa maneno yetu. Wenye stesheni walisema, Sisi twamtaka, ila makampuni hayatoi fedha. Makampuni yakasema, Sisi hatuna neno naye, ila wenye maduka wa kusini watakataa bidhaa zetu. Wenye maduka wakasema, Sisi ni wauzaji tu. Wanunuzi ndio watakaokasirika. Haya, twende kwa mnunuzi. Huenda tukamkuta ameketi sebuleni mwake, akisikiliza santuri ya Cole. Yeye naye hakuulizwa. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa mzigo ulipita mikono mingi, na kila mkono ukauona mwepesi. Aliyelemewa ni mmoja tu, yule aliyekuwa mwisho.

Wako watakaotujibu kwamba hofu ile ilikuwa ya kweli, wala si ya kubuni. Ni haki yao. Tarehe 10 Aprili 1956, miezi michache kabla ya kipindi kuanza, Cole alikuwa akiimba mjini Birmingham, Alabama, pamoja na bendi ya Mwingereza Ted Heath, mbele ya wasikilizaji weupe watupu. Watu wachache wakarukia jukwaani wakamshambulia, akaanguka na kuumia mgongo. Mfanyabiashara akisikia habari kama hiyo, naye ana fedha za wenzake mikononi na wafanya kazi wenye kumtegemea, je, tumlaumu akiogopa?

Hofu yake hatuilaumu. Lakini habari ya Birmingham haikuishia hapo. Washambuliaji walipokwisha kukamatwa, Cole alirudi jukwaani awaambie watu kwamba hataweza kuendelea, na maelfu ya weupe waliokuwa ukumbini wakasimama, wakampigia makofi kwa muda mrefu. Basi, kati ya hawa, watu ni wapi? Ni wale wachache waliopanda jukwaani, au ni maelfu waliosimama? Mwenye kusema "watu watasema" amekwisha kuchagua. Huwahesabu wenye kelele akawaita watu. Wale wenye makofi huwaacha nje ya hesabu. Wala hana haja ya kwenda kuwauliza, maana akienda pengine atakosa udhuru wake.

Kwa sababu hiyo sisi twaona kwamba hatia ipo, ingawa haifanani na hatia ya mwenye kushambulia. Mshambuliaji hujulikana, hupelekwa mbele ya hakimu, naye ana jina. Mwenye kuogopa maneno ya watu huomba apewe matunda ya ubaya pasipo kuitwa mbaya, kama liwali yule aliyenawa mikono mbele ya makutano. Tena katika Birmingham walihitajika watu wa kuvunja sheria ili Cole aondoke jukwaani. Katika televisheni hapana sheria iliyovunjwa. Walitosha watu wapole, wenye adabu, kila mmoja akiwa na sababu nzuri.

Je, mtu mmoja aweza kuzuia mzigo usipite? Twajua mmoja aliyejaribu. Mwaka 1954 Betty White, mwanamke mweupe aliyekuwa na kipindi chake cha mchana katika NBC, alimleta mara kwa mara mchezaji dansi mweusi, Arthur Duncan. Stesheni za kusini zilitishia kukiacha kipindi kama mtu yule hataondolewa. Bibi huyo alikataa, akazidi kumpa nafasi. Kipindi chake kilikoma kabla mwaka ule haujaisha, nasi hatutadai kwamba ujasiri wake ulilipwa palepale. Duncan alikuja kuingia katika kundi la Lawrence Welk mwaka 1964, akacheza mbele ya wazee wale wapenda muziki laini hata mwaka 1982, walipofunga kazi. Wazee hao, ambao wangalitajwa kwanza kama ndio watakaochukizwa, walimpenda.

Cole hakungoja hivyo. Shirika lilipotaka kukihamisha kipindi kwenye saa nyingine asiyoitaka, yeye mwenyewe alikataa, na tarehe 17 Desemba 1957 alikionyesha mara ya mwisho. Alifariki mwaka 1965. Katika jarida la Ebony la Februari 1958 aliandika sababu za kuacha, wala hakuwalaumu watazamaji wa kusini. Aliwalaumu wenye kazi ya matangazo ya biashara, walioketi maofisini New York, mbali na kusini, wakidai kwamba wanawajua watu.

Na sisi tusijifiche nyuma ya Wamarekani. Miaka kadhaa iliyopita, shuleni tulipokuwa tukifundisha, tulikuwa na msichana mwenye sauti kuliko wote katika kwaya. Bibi yake alinong'onwa kuwa mchawi. Sikukuu ilipokaribia ilibidi tuchague wa kutangulia wimbo mbele ya wazazi. Tulimweka mwingine, binti wa watu wanaoheshimiwa, naye yule wa kwanza tukamsimamisha safu ya nyuma. Mwalimu mwenzetu alipouliza sababu, tulijibu kwamba sisi hatuna neno naye. Siku ile wimbo ulikwenda vizuri, na sauti iliyouchukua ilitoka nyuma. Kila mtu aliisikia. Kabla ya siku ile hapana mzazi hata mmoja aliyekuja kutuambia lo lote juu ya mtoto yule. Nasi hatukuwauliza.