Dhima ya Paka Asiye na Mwenyewe

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Ama jamaa wakaao Rayners Lane, London, wamwekeao chakula paka asiye na mwenyewe nyuma ya nyumba, je, wana dhima wanaporejea Maskati na kumwacha?

Huenda mtu akasema: hawakumfungia. Lakini paka aliyezoeshwa sahani huitegemea, hasa wakati wa baridi; na mazoea nayo ni kifungo. Basi kabla ya safari na wamuusie jirani, au waiarifu jumuiya ya Cats Protection, iliyoanzishwa 1927 kuwahifadhi paka. Sadaka iliyoanzwa kwa huruma isimalizike kwa dhulma.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.