Haki ya Kusema Tupumzike

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alisimama mbele ya Khalifa Umar bin Khattab kumtolea mwenzake ushahidi wa tabia njema, na Umar akamuuliza kama amewahi kusafiri naye. Kwa swali hilo tumezoea kuiona safari kama mtihani, unaoanika tabia iliyokuwa imejificha. Naamini safari hufanya zaidi ya hapo: huzaa uhusiano ambao kabla yake haukuwapo.

Ushahidi uko mkoani Singida, Tanzania. Pori la Manyoni na Itigi, katikati ya Ugogo na Unyamwezi, liliitwa Mgunda Mkali enzi za misafara ya karne ya 19. Ni nchi ya vichaka vilivyoshonana, miiba na maji ya kubahatisha. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Lakini waliolijua kwa nyayo na mabega ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliolivuka kwa siku kadhaa na pembe za ndovu begani. Watafiti wengi wanauhusisha utani wa Wanyamwezi na Wazaramo wa pwani na misafara hiyo. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli hata msibani, na ana wajibu wa kuhangaikia maziko yako.

Haki na wajibu mzito namna hiyo vimetoka wapi? Watazame marafiki wawili wanaolivuka pori hilo leo kwa miguu, mabegi mgongoni. Dumu la maji limebaki robo. Mmoja anapiga mafunda mawili, analiinua dumu juani aone maji yamefika wapi, kisha anampa mwenzake. Jioni mwenzake anamchomoa mwiba kisiginoni. Hakuna anayeandika. Deni lisiloandikwa halina siku ya kulipwa likaisha. Watu huishi nalo, na utani ni namna mojawapo ya kuishi nalo kwa furaha.

Hata hivyo, taabu ya pamoja peke yake haitoshi. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliopelekwa pwani. Walitembea na mabwana zao siku zilezile, chini ya jua lilelile, na hapakuzaliwa undugu. Mpagazi aliweza kutua mzigo, akagoma, akadai posho yake. Mtumwa akichoka alisukumwa au kuachwa njiani. Undugu huanzia pale ambapo neno la aliyechoka linausimamisha msafara.

Kwa hiyo, anayetafuta wa kwenda naye porini asiishie kuuliza kama mwenzake ni shupavu. Ajiulize pia: akisema tupumzike, nami bado nina nguvu, nitakaa? Asiye tayari kukaa atafika aendako, lakini atafika na mtu aliyeongozana naye tu.