Waingiao Bila ya Hodi

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika adabu tulizozirithi kwa wazee wetu wa pwani ni hodi. Mtu hapiti mlango wa mwenziwe, ingawa u wazi, mpaka abishe na aambiwe karibu. Na akibisha mara tatu asiitikiwe, hurejea alikotoka bila ya kinyongo. Hii si mila tupu. Ni amri iliyomo katika Suratin Nur, aya ya 27, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Alipomwona mtu akichungulia katika tundu la mlango wake alimkemea vikali, ijapokuwa hakutia mguu ndani. Leo twataka kunena juu ya wachunguliao ambao hawana haja ya tundu la mlango.

Tulipokuwa Elwak, kule Mandera kwenye mpaka wa Somalia, tuliketi na vijana wa darasa baada ya sala ya Alasiri. Mmoja wao, mfugaji, alituonyesha simu yake. Ndani yake mna programu ya nyakati za sala na kibla, nayo humfaa sana awapo malishoni, mbali na adhana. Tulipotazama ruhusa ilizopewa, tukaona kuwa yajua mahali alipo saa zote, hata akiwa ameifunga. Akatuuliza: "Sheikh, ngamia wangu akipotea mimi hufuata nyayo zake. Huyu anayefuata nyayo zangu ni nani, na nilimpotea lini?"

Siku ile hatukuwa na jawabu. Tuliporudi tulitafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwezi wa Novemba 2020 gazeti la Motherboard la Marekani lilieleza kuwa programu ya sala iitwayo Muslim Pro, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka khabari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo iliziuza khabari za namna hiyo kwa makandarasi, na kwa njia yao zikafika kwa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuwa waliliuzia jeshi, lakini walikata uhusiano wao na X-Mode. Januari 2024 serikali ya Marekani iliipiga marufuku X-Mode, pamoja na Outlogic iliyoirithi, kuuza khabari za mahali penye siri za watu, na nyumba za ibada zimo katika hizo.

Njia yao ni hii. Mwenye programu hutia ndani yake kipande kilichotengenezwa na kampuni nyingine, naye hulipwa kwa hicho. Kipande kile huokota mahali ulipo, na nambari ya matangazo ambayo simu yako huchukua kama ng'ombe achukuavyo chapa, kisha hupeleka vyote kwa bwana wake. Wewe waona dira ya kibla tu.

Wala msidhani haya ni ya makampuni madogo. Novemba 2022 Google ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kwa majimbo 40 ya Marekani, yaliyoituhumu kuwa iliendelea kufuata mahali walipo watu waliodhani wameizima kazi hiyo.

Hatusemi kuwa simu ni haramu, wala hatusemi kuwa hii ni vita juu ya Uislamu peke yake. Mkristo na asiye na dini hufuatwa vivyo hivyo, kwani ni biashara. Lakini biashara katika sharia yetu ina sharti, nayo ni ridhaa. Yatakaje kuitwa ridhaa, na hali mtu amebonyeza "nakubali" chini ya kurasa za Kiingereza asizozielewa, wala hakuambiwa kinachouzwa ni nini na mnunuzi ni nani? Bidhaa iliyofichwa aibu yake ni ghashi, na kibali kilichopatikana kwa kuficha si hodi.

Atasema mtu: "Mimi sina la kuficha." Twamjibu: Mtume (S.A.W.) alipochunguliwa alikuwa na kitana mkononi akijikuna kichwa. Palikuwa na aibu gani hapo? Haki ya mlango si ya mwovu tu. Na watu wa Elwak walijua hili kabla yetu. Wazee wao wakumbuka mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipohakikiwa peke yao na kupewa kadi za kuthibitisha uraia wao. Kadi ile ilikuwa dhulma, lakini mwenyewe aliiona mkononi mwake. Ya leo huandikwa asiione: amelala wapi, amesali msikiti gani, amevuka mpaka kumzuru nani.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila mmoja afungue simu yake usiku huu, atazame ni programu zipi zajua mahali alipo, azinyime zisizo na haja, na zenye haja azipe wakati wa kuzitumia tu. Na nambari ya matangazo aifute. Pili, tujue haki zetu: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa khabari zake zatumiwaje, na ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Tatu, kila msikiti ubandike ratiba ya sala, na ajuaye mambo haya amfundishe mama yake na jirani yake.

Na kabla ya kuyalaumu makampuni, tujihesabu nafsi zetu. Aya ya 12 ya Suratil Hujurat imekataza kupelelezana, na iliteremka kwa waumini. Wangapi kati yetu hufungua simu za wake zao na waume zao usiku? Wangapi huzisambaza siri za majirani? Atakaye kubishiwa hodi naye abishe.

Mwenyezi Mungu atusitiri, na atuwafikishe kuwasitiri wenzetu. Amin.